Siku Mkalimani Alipojitafsiri

Ndugu zangu wa daftari, leo nimevuliwa nguo. Mchana kweupe, mbele ya watu zaidi ya mia mbili na Mwene, chifu wao, na kaptula yangu ya khaki ikiwa mwilini na imepigwa pasi.

Naandika saa kumi jioni hapa Tunduma, juu ya sanduku la vitabu vya Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya yetu. Daftari hili litaondoka na lori kesho, lifike kwa Elia huko Isansa, kisha Gidioni Kamsamba, kisha Petro milimani Ileje, kama tulivyoapa tulipomaliza shule pale Mbozi Mission: kila mmoja aandike lililompata, zuri na baya. Mpaka leo nimeandika mazuri tu. (Mlidhani sina mabaya? Nilikuwa nayo tele. Nilikuwa nayafunika kwa mwandiko mzuri.)

Mnakumbuka zamu iliyopita nilijaza kurasa tatu juu ya neno moja dogo. Niliringa, sifichi. Niliwaambia kwamba Waingereza wamelikata neno "mimi" mpaka limebaki herufi moja, imesimama wima kama nguzo ya simu, na kwamba Bwana akilitamka wazee wetu huangalia miguu yake, kwa sababu kwao "ai!" ni mtu aliyekanyaga mwiba. Niliwaambia Wabemba wa ng'ambo wanasema "ine", nikawapangia na Kinyiha na Kinamwanga na Kindali kwa safu, na mistari kwa rula. Nikasema neno hilo ni kama kiti cha kinyozi, anayekikalia ndiye mwenyewe mpaka anyanyuke. Nikamaliza kwa kusema hakuna mtu katika wilaya hii anayelijua neno "mimi" kunizidi. Elia akaandika pembeni kwa wino wake mwekundu wa ualimu: "Majivuno. Rudia."

Elia, nimerudia.

Ili mwelewe yaliyonipata, kumbukeni kazi yangu inavyofanywa. Mkalimani aliyenitangulia alinipa sheria moja tu kabla hajastaafu. "Usiseme 'anasema'," aliniambia. "Ukisema 'anasema', watu watakutazama wewe wakajiuliza umeongeza nini. Sema 'mimi'." Basi Bwana akisema amekasirika, mimi nimekasirika. Mshtakiwa akisema hakuiba, mimi sikuiba. Saa tatu asubuhi mimi ni Serikali. Saa nne nimeiba ng'ombe wawili. Saa tano nina mimba ya miezi saba na mume wangu amekimbilia migodini. (Nina masharubu. Hakuna anayecheka, wameshazoea.) Kwa miaka tisa nimesema "mimi" labda mara elfu kwa mwezi, kwa lugha tano, na hata mara moja neno hilo halikuwa langu. Nilifurahi hivyo. Mtu mwenye jambo la kuficha hapati kazi nzuri kuliko hiyo.

Sasa jambo lenyewe. Tulipokuwa shule mlinijua kama yatima. Baba yangu, niliwaambia, alikufa akibeba mizigo ya jeshi katika vita vya Wajerumani. Gidioni, ulinigawia nusu ya blanketi lako kwa ajili ya uyatima huo, miaka minne, na milima ile unaijua baridi yake. Ndugu yangu, blanketi lile nililipata kwa uongo. Baba yangu alirudi kutoka vitani. Alirudi na goti bovu, Kiswahili cha wapagazi na vidole vinane. Yeye ndiye aliyenisindikiza kwenda shule. Alinifikisha mpaka kivuko cha Momba, akanifungia karanga kwenye kitambaa, akasema, "Nenda ukasome. Mimi nipo." Nilipofika misheni nikakuta foleni, na wenye baba wanaambiwa nafasi hakuna, warudi mwakani. Zamu yangu ikafika. "Baba yako?" Nikasema, "Amekufa." Nikapewa kitanda siku hiyo hiyo.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilidhani ni uongo wa wiki moja.

Uongo huo ukanishika mkono tukakua pamoja. Nilipoomba kazi ya ukalimani kulikuwa na karatasi yenye mstari: jina la baba, na alipo. Niliandika neno moja: marehemu. Chini ya mstari huo kuna onyo kwamba atakayedanganya Serikali ataachishwa kazi, na nimemwona kwa macho yangu karani mmoja akifukuzwa kwa kupunguza umri wake miaka miwili tu. Mimi nilipunguza baba mzima. Basi nikawa siendi kwetu. Mwaka wa kwanza kwa kuogopa, wa pili kwa kuona haya kwamba sikwenda wa kwanza, na baada ya hapo sikuhitaji tena sababu. Na kila safari ya Bwana ilipopangwa kuja Tunduma, malaria ilinishika. (Malaria yangu inajua kusoma kalenda.) Safari hii daktari alinipima akasema nina afya ya punda. Nikapanda lori kama mtu anayepelekwa jela.

Asubuhi baraza lilianza vizuri. Turubai limefungwa, meza ya Bwana imewekwa, Mwene wa Wanamwanga amekaa kwenye kiti chake na wazee wake nyuma, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Nilivaa kofia yangu ngumu ya khaki nikaishusha mpaka kwenye nyusi, na kwa upande wa kushoto chini zaidi. Mnajua sikio langu la kushoto halina ncha. Niliwaambia lilikatwa na panga la mwizi. (Sahihisho litafuata. Vumilieni.)

Kwa saa mbili nilikuwa Bwana Shauri. Nilikaripia watu kuhusu majani ya kando ya barabara. Niliagiza matuta mashambani. Nilitishia kupiga risasi mbwa wenye kichaa. Nilikuwa na sauti nzuri leo, nakiri. Kisha Bwana akauliza kama kuna mwenye shauri, nami nikauliza kama kuna mwenye shauri.

Mzee mmoja akanyanyuka katikati ya wanaume. Alikuja akipapasa kwa fimbo, macho yake yote mawili yameingia ukungu wa mtoto wa jicho. Akafika mbele ya meza, akapiga goti moja (la pili halikubali kukunjwa), akapiga makofi ya heshima kama desturi yetu ilivyo.

Sikuhitaji kumtazama usoni. Makofi ya vidole vinane yana mlio wake. Nililelewa na mlio huo.

Akasema kwa Kinamwanga, polepole, kama mtu aliyeyapanga maneno njia nzima:

"Mimi ni Simbeye wa Momba. Nina mwana mmoja. Nilimpeleka Mbozi kusoma, sasa ni mvua kumi na nane. Hakurudi. Sikuja kudai kitu, wala sikuja kumshtaki. Nasikia Serikali inaandika watu wote kwenye vitabu. Naomba Bwana aangalie kitabuni aniambie kama yu hai. Nikijua yu hai, nitarudi nyumbani nikae."

Basi. Hayo tu. Ametembea siku mbili na goti lile kuja kuuliza hayo tu.

Bwana akanigeukia. "Ndiyo?"

Ndugu zangu, mtu akiwa anazama hana muda wa kuchagua tawi. Nilipiga hesabu yangu haraka. Nikitafsiri sawasawa, Bwana atauliza jina. Akipata jina atauliza mwaka. Na Bwana huyu anapenda vitabu vyake kuliko chakula, vitabu vilivyomo ndani ya sanduku hili hili ninaloandikia, na katika kimojawapo jina langu liko na neno "marehemu" karibu yake. Nikaona nguo zangu za khaki zikirudishwa stoo. Nikajiona kwenye barabara nikikata majani, na wale niliowakaripia wakinikagua. Nikamwangalia baba. Macho yake yalielekea kwangu, lakini yalitazama mahali fulani juu ya kofia. Nikasema moyoni: haoni. Hajui.

Nikafungua mdomo nikasema kwa Kiingereza, "Mimi ni mzee. Mwanangu wa pekee amekufa. Sina wa kunisaidia. Naomba nisamehewe kazi ya barabara."

Ilitoka laini kabisa. (Kiingereza changu hakijawahi kuwa kizuri kiasi kile.) Na mnisikilize jinsi mtu anavyoweza kujidanganya: nilijipongeza! Nilijiambia nimemfanyia baba wema. Hatabeba tena jembe barabarani. Nitatafuta njia ya kumpelekea habari baadaye, polepole, siku nyingine.

Nilisahau mambo mawili. La kwanza, Bwana huyu ni mtu mwema. La pili, anajifunza Kiswahili, na anatafuta kila nafasi ya kukitumia.

Kabla sijamgeukia baba, Bwana alikwisha simama. Akanyoosha mkono juu ya baraza zima akasema kwa Kiswahili chake, kwa sauti ya kanisani:

"Watu wote sikieni! Mzee huyu amekufa mtoto wake!"

Kisha Mwene akashuka kutoka kwenye kiti chake akakaa chini, mavumbini. Wazee wake wakakaa chini. Wanaume wote wakakaa chini, safu kwa safu, mpaka kule nyuma kwenye miti. Na kutoka upande wa wanawake kikapanda kilio.

"Nini hiki?" Bwana akaniuliza.

"Wanaomboleza, Bwana. Kifo kikitangazwa mbele ya watu, shauri haliendelei mpaka marehemu aliliwe."

"Kwa muda gani?"

"Inategemea marehemu alikuwa nani, Bwana."

(Msinitazame hivyo. Ndiyo desturi. Nilikuwa natafsiri desturi.)

Baba alikuwa bado amepiga goti pale pale. Alikielewa Kiswahili cha Bwana, maana Kiswahili cha wapagazi kilijifunzwa kwa mabwana wa namna hiyo. Nilimwona akigeuza kichwa kidogo kidogo, kama mtu anayetafuta upepo unatoka wapi. Watu wakaanza kupanga mstari kuja kumshika mkono. Wasiomjua na wanaomjua. Mmoja akaweka mbele yake kikapu cha unga. Mwingine akaleta kuku amefungwa miguu. Kuku akanitazama. Katika baraza lile lote, nadhani yeye peke yake ndiye aliyenielewa.

Bwana, kuona hivyo, akavua kofia yake. Kisha akanikazia macho kwa sababu yangu ilikuwa bado kichwani. Nikaivua. Jua la Tunduma likapiga moja kwa moja kwenye sikio langu la kushoto.

"Mwambie mzee," Bwana akasema, "nasikitika sana kwa kifo cha mwanawe."

Sheria ni ile ile. Usiseme "anasema". Nikainama mbele ya baba yangu mzazi nikasema kwa Kinamwanga, "Mimi nasikitika sana kwa kifo cha mwanao."

Baba akaweka mkono nyuma ya sikio. "Rudia, mwanangu. Sikio langu zito."

Kila kijana kwa mzee ni mwanangu, najua. Lakini lilinichoma.

"Mimi nasikitika sana kwa kifo cha mwanao."

"Kuna kelele. Sema kwa nguvu."

Nikasema kwa nguvu. Watu wote wakanisikia mpaka kule nyuma. Hivyo ndivyo nilivyompa baba yangu pole kwa kifo changu, mara tatu, na ya tatu nikipiga kelele kama muuza samaki. Akanyanyua mikono kupiga makofi ya kushukuru. Mikono ikakutana mara moja tu. Ikabaki imeshikana hewani, haiendi mbele wala nyuma. Nikajua kwamba baba haoni, lakini si kiziwi hata chembe.

Hapo ningeweza kusema. Nafasi ilikuwepo, pana kama mlango wa kanisa. Sikusema. Nilikuwa nafikiria kofia.

Ndipo wanawake wakafungua njia katikati akatoka shangazi yangu Nambeye, dada yake baba, aliyemshika mkono siku mbili kutoka Momba. Kanga ameifunga kiunoni, mikono kichwani, analia msiba kwa namna ya kwetu. Na kwetu, kwa ambao hamjui, marehemu haliliwi tu. Hutajwa. Kila kitu chake hutajwa, ili walio chini ya ardhi wamtambue anapofika.

"Yoo, Zakaria wetu!" shangazi akalia. "Uliyenyonya mpaka ukaota meno ya nyuma! Yoo! Uliyekimbia bata mpaka ukaanguka kisimani! Tulikutoa kwa kamba ya ng'ombe, Zakaria wetu, ukaenda kufa bila kuaga!"

"Anasema nini?" Bwana akauliza. Bwana anapenda sana desturi za watu, huziandika.

Nikatafsiri. Ningefanyaje? Kwa Kiingereza safi, mikono imenyooka, nikasema, "Nilinyonya mpaka nikaota magego. Niliogopa bata. Nilitolewa kisimani kwa kamba ya ng'ombe." Bwana akaandika.

(Nikisema niliogopa, alielewa marehemu aliogopa. Kwa Bwana, ambaye huniita Mkalimani tu, mimi nilikuwa bomba, maji yanapita.)

"Yoo!" shangazi akaja karibu zaidi. "Uliyegombania mfupa na mbwa wa jirani, na mbwa akashinda! Akakung'ata sikio la kushoto, akalimeza! Tutakutambua kwa lipi huko uliko, Zakaria, kama si kwa sikio lile?"

Hilo ndilo sahihisho, ndugu zangu. Hakukuwa na mwizi. Hakukuwa na panga. Kulikuwa na mfupa wa mbuzi na mbwa mmoja mweusi aliyeitwa Subira.

Shangazi alikuwa amefika mbele yangu. Akafuta machozi kwa ncha ya kanga ili apate kulia vizuri zaidi, akanitazama, akatazama sikio. Kilio kikakatika. Nyuma yake tarishi wa boma akatazama sikio. Mwene, kutoka chini mavumbini, akatazama sikio. Kisha wazee wake wakatazama mmoja baada ya mwingine, wakanong'onezana, na ile minong'ono ikaenda safu kwa safu mpaka kule kwenye miti, na watu wa kule wakasimama ili nao waone.

"Mbona amenyamaza?" Bwana akauliza. "Amesema nini mwisho?"

Magoti yangu hayakuniuliza. Yalijikunja yenyewe. Nilijikuta nimepiga goti mbele ya baba, mikono yangu inapiga makofi kwa mlio ule wa nyumbani, shati la Serikali na vumbi la Tunduma pamoja, na machozi yananitoka mbele ya umma. Nikainua uso kwa Bwana. Nikasema kwa Kiingereza, neno lile la herufi moja, la wima, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa lilikuwa langu:

"Mimi ndiye mwanawe."

Bwana akaacha kuandika. Akainua kichwa. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama mpaka kule nyuma kwenye safu za wanaume.

"Nani huyo?" akasema. "Yuko wapi? Mwambie asogee mbele."

Ndugu zangu, ametafuta! Miaka tisa nimemfundisha kwamba mimi si mimi, na amefundishika. Nilikuwa nimepiga goti futi tatu kutoka kwenye buti zake, nalia, na anamtafuta mwana wa yule mzee katikati ya umati.

Nikarudia. "Mimi, Bwana. Mimi."

"Ndiyo, nimesikia," akasema kwa upole, kama mtu anayemvumilia mtumishi aliyechoka. "Lakini nani?" Kisha akaniacha akamgeukia baba mwenyewe kwa Kiswahili. "Mzee! Mwana wako ni hapa?"

Baba akajiegemeza kwenye fimbo yake akasimama, goti likilia. Alikisimamisha kile Kiswahili chake cha wapagazi kama askari anayesimama kwenye gwaride.

"Hapana, Bwana," akasema. "Mimi nilikuja kuuliza. Sasa nimejibiwa. Mkalimani ya Serikali amesema mwana yangu amekufa. Na mkalimani ya Serikali hapana sema uongo."

Akanyoosha mkono chini, akapapasa hewani mpaka akanipata. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vikapita juu ya kichwa changu, vikashuka, vikafika kwenye sikio, vikakaa pale. Kisha vikaondoka.

"Asante, mkalimani," akasema. "Simama. Utachafua nguo ya kazi."

Bwana akaandika kwenye kitabu chake: Simbeye wa Momba, mwana amefariki, asamehewe kazi ya barabara. Nilimwona akiandika. Nimekuwa nikifikiri tangu saa ile na bado sijapata jibu. Je, baba ameniokoa au amenizika? Neno lake moja lingetosha kunifukuzisha kazi, akalimeza. Lakini ameniacha upande ule ule niliojiweka mwenyewe, upande wa marehemu. Sijawahi kuumia namna hii. Hata siku ya yule mbwa.

Baraza liliendelea. Bwana alivaa kofia, nami nikavaa yangu, na kwa saa nzima nilitafsiri habari za mbwa wenye kichaa. Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka! Walikuwa wananitazama kwa heshima ile watu wanayompa maiti. Nilipogeuka kumtafuta baba, nafasi yake ilikuwa na unga kidogo uliomwagika. Shangazi alimshika mkono wakaondoka kwa njia ya Momba. Hakunipa kwaheri. Aliponipita kwenda kumchukua baba, shangazi alijifunika uso kwa kanga, kama mtu anavyopita makaburini.

Saa tisa hivi tarishi alikuja hapa na sahani ya bati imefunikwa. Tarishi wetu ni Mnyiha, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi. Akaiweka juu ya sanduku hili.

"Hii imetoka kwa wafiwa," akasema. "Walimchinja yule kuku pale njiani kwa Mwene, kabla ya kuondoka. Kila aliyekuwepo anaonja."

Nikafunua. Ugali, na paja zima la kuku.

"Kaka, umekosea," nikamwambia. "Paja ni la Mwene."

"Mwene amepewa kifua." Tarishi akatazama pembeni, kwenye mlima, popote pasipokuwa sikio langu. "Mzee ndiye aliyesema. Mkalimani apewe paja. Amesema mwanawe marehemu alikuwa hali sehemu nyingine."

Akaniaga kwa mkono akaondoka.

Nimelila, ndugu zangu. Lote, mpaka mfupa, na mfupa sikumpa mbwa. Matanga ya kwetu ni siku tatu, na siku ya tatu wote waliokula wanapaswa kufika nyumbani kwa mfiwa kumpa mkono. Lori linaondoka kesho kwenda Mbeya. Njia ya Momba nayo iko pale pale, inaonekana kutoka hapa nilipokaa. Desturi haisemi kama marehemu anaruhusiwa kufika.

Gidioni, nisamehe blanketi. Elia, weka wino wako mahali. Na nyote watatu, nawaomba sana, msicheke. Mko msibani.